Re: PLC ziko netiweki moja na kompyuta za ofisi, nianzie wapi?

Sasa ndugu. Nimekusoma, PLC (kompyuta ndogo zinazoendesha mashine) za kiwanda chenu hapo Industrial Area ziko netiweki moja na kompyuta za ofisi, na fundi huingia humo kwa mtandao akiwa nyumbani. Cheki ruta kwanza, kama poti 502 iko wazi kwa nje ifunge leo leo, maana ndiyo mlango wa Modbus (lugha ya mawasiliano ya PLC), na Modbus ya kawaida haiulizi paswadi, yeyote akiifikia anaandika anachotaka na pampu inatii tu. Sisi tulikuta kimodemu cha laini ya simu nyuma ya paneli, kimejaa vumbi, taa bado inawaka, yaani njia nyingine ya kuingia kutoka nje, kwa hivyo fungua paneli moja moja uone kwa macho, usiamini mchoro wa netiweki. Halafu tenganisha netiweki ya PLC na ya ofisi kwa fayawoli (kizuizi kinachochuja mawasiliano), fundi apitie VPN (njia ya mtandao iliyofichwa na yenye kuingia kwa ruhusa). Na tafadhali usiskani PLC (kuzipima kwa programu ya kutafuta poti zilizo wazi) mashine zikiwa zinafanya kazi, zingine huganda.