Ukitaka Kuweka Kiwango cha Kaa, Anza na Mizani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kilwa aliniandikia ujumbe, akaanza kwa shikamoo, kisha akaniuliza swali moja tu: kikundi chao cha BMU, yaani cha wanakijiji wanaosimamia uvuvi wa pwani yao, kinataka kupanga kila mvuvi avune kaa kiasi gani, je, sisi wa delta ya Rufiji tulianza na namba gani? Marahaba, mdogo wangu. Namba tulikuwa nayo, tena niliiandika kwa mkono wangu kwenye daftari la kamati, na ndiyo iliyoniondoa kwenye ukatibu. Kwa hiyo nivumilie kwanza.

Kaa ninaowazungumzia ni kaa wa matope, wale wa mikokoni wenye magando ya kuvunja kidole cha mtu. Baba zetu waliwavua kwa kitoweo. Walipoanza kufika wanunuzi wa kaa hai wanaosafirishwa nje ya nchi, kila kilichotembea kwenye tope kiliingia tengani, na baada ya miaka michache mtu alikuwa anachokoa mashimo tangu maji yanapotoka hadi yanaporudi bila kupata wa kumtosha kununua sukari. Nilikuwa na hamu, kama uliyo nayo wewe sasa, ya kuwa mtu aliyelitengeneza jambo hilo.

Msimu wa kwanza tulipitisha mambo mawili: kila mvuvi asizidishe kilo 30 kwa bamvua moja, yaani kipindi cha maji makubwa kinachokuja mara mbili kwa mwezi, na ni marufuku kuvuna kaa jike mwenye mayai chini ya tumbo. Mkutano ulipiga makofi. Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Hilo la mayai linaniuma hadi leo, kwa sababu lilipendeza kutamkwa na halikulinda kitu. Kaa jike wa matope hupandwa anapotoka kujivua gamba, mwili ukiwa bado laini, na dume humbeba chini yake siku kadhaa akimlinda. Mbegu huihifadhi mwilini, na mayai yake ya ndani yakishapevuka huondoka mkondoni akaelekea bahari ya nje; huko ndiko anakoyatoa na kuyabeba tumboni kwa mamilioni. Katika miaka yangu yote ya kuchokoa mashimo kwa ndoana, majike wenye mayai ya nje niliowaona mikokoni hawafiki vidole vya mkono mmoja. Tulikuwa tumekataza kuvua kaa ambaye hakuwepo. Aliyepaswa kulindwa ni jike mpevu mwenye kifuniko cha tumbo kipana cha mviringo, aliyejaa mayai ya rangi ya chungwa ndani ya gamba na kujiandaa kusafiri, na huyo ndiye mnunuzi anayemlipia bei ya juu kuliko wote. Kule Queensland, Australia, ambako wanavua kaa wa aina hii hii, jike hachukuliwi kabisa, dume lazima afikishe sentimita 15 za upana wa gamba, na tangu Septemba 2021 wavuvi wa biashara wanavua kwa mgawo. Niliyasoma hayo nikiwa nimeshaondolewa madarakani.

Kilo 30 nazo zilikuja na mambo yake. Mvuvi akishatimiza kilo zake hakai nyumbani, bali huwaweka kaa katika tenga lililozamishwa kando ya gati, na kila akipata mkubwa humtoa mdogo. Yule mdogo amekaa siku tatu amefungwa magando, hivyo anapotupwa majini ama amekufa ama amelegea kiasi cha kuliwa na yeyote anayepita. Kwenye daftari langu kilo zilisoma 30 sawasawa, na chini ya gati kulikuwa na harufu. Wengine waliandikisha watoto, hata ikawa mtoto wa darasa la tatu ni mvuvi hodari kuliko baba yake. Na palikuwa na mnunuzi mmoja aliyekuja na boti usiku, akapima kwa mizani yake mwenyewe na kuondoka kabla ya adhana ya alfajiri. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu sikuwa na hakika nani atasimama nami.

Kisha likatokea la shemeji yangu. Alikuja asubuhi na tenga, nikafunua majani, nikaona juu kaa wanane hivi ambao ukubwa wao haukuzidi kisahani cha chai. Nilimwambia afunike. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri kupimiwa aliniona, na katika mkutano uliofuata mzee mmoja aliuliza kwa upole kabisa kama kaa wa shemeji yake katibu wana sheria yao. Nilitolewa kwa kunyoosha mikono. Baadhi ya mikono hiyo nilikuwa nimeisaidia kupata leseni.

Miaka miwili iliyofuata haina la kusimulia. Niliendelea kuchokoa mashimo na kusoma, na nilipoitwa tena kutoa ushauri nilikuwa na machache tu ya kusema, ambayo ndiyo ninayokupa wewe.

Sheria ya kaa haikai kwenye karatasi, inakaa kwenye mizani ya mnunuzi. Iwe mizani moja, mahali pamoja, mchana, na kila tenga liandikwe idadi, kilo, madume wangapi na majike wangapi. Asiyepimia hapo asinunue. Ukilikosa hilo, usijisumbue na mengine. Pili, kipimo kiwe kitu ambacho hata asiyejua kusoma anaweza kukishika akiwa kwenye tope. Nilikata kijiti cha mkandaa, mti mmojawapo wa mikokoni, nikachonga alama mbili, sentimita 13 kutoka ncha hadi ncha ya gamba, na kaa asiyefikia alama anarudishwa pale pale alipotolewa, kabla hajafungwa magando. Tatu, tulifunga bamvua ya mwezi mwandamo na kuacha ile ya mwezi mpevu. Kilo za mtu huwezi kuziona ukiwa barazani, lakini mtumbwi unaoingia mkondoni siku iliyofungwa kila mtu anauona. Na tena narudia: mizani.

Kiwango chenyewe sasa kinatoka kwenye daftari. Tunaangalia kila mtumbwi umeleta kaa wangapi kwa siku, na idadi ikishuka bamvua mbili mfululizo tunapunguza kiwango cha jumla, bila kusubiri kikao cha mwaka. Wapo wanaosema huku ni kujihangaisha, namba ikishapangwa ikae. Waitazame Alaska, Marekani. Katika Bahari ya Bering wanachukua madume tu, wanavua kwa mgawo tangu 2005, na kila mwaka meli za utafiti huhesabu kaa. Hata hivyo joto la bahari la 2018 na 2019 liliwapoteza kaa wa theluji, aina ya kaa wa maji ya baridi, zaidi ya bilioni 10, ambao watafiti wanaona yaelekea walikufa kwa njaa kwa kuwa mwili ukipata joto unadai chakula zaidi, na mwaka 2022 msimu ulifungwa kwa mara ya kwanza katika historia yao. Mgawo haukuwakinga na joto. Lakini waliona hesabu imeanguka, wakafunga, na 2024 wakafungua kwa kiwango kidogo sana. Sisi mwaka ule wa kilo 30 tungeanguka hivyo hivyo na daftari lingesoma 30.

Kwa hiyo, mdogo wangu, namba uliyoiomba ni 30, na usiichukue. Pimeni kwa bamvua sita bila kumzuia mtu, muandike kila tenga, kisha mkae na daftari hilo pamoja na wake zenu, maana wao ndio wanaojua nani anauza usiku. Shemeji yako, kama unaye, mpime wa kwanza.

Kijiti kikate cha mkandaa. Cha mchu, mti mwingine wa mikokoni, nilichoanza nacho kilipinda. Hapa kwetu siku hizi wanakiita kijiti cha mwenyekiti. Mwenyekiti wa sasa alikikuta darini ofisini, na alama zile mbili nilizichonga mimi kwa kisu cha kuparia samaki, ya pili imeenda upande kidogo.