Kabla ya Kununua Kiwanja, Uliza Wenyeji Wanapaitaje

Anayetafuta kiwanja pembezoni mwa mji wakati wa kiangazi huonyeshwa ardhi kavu yenye nyasi fupi na upepo mzuri, na dalali akibanwa sana hukiri kwamba pana "kimteremko kidogo tu." Kwa kuwa ndugu na marafiki wamezoea kuniomba niwasindikize katika shughuli hii, nimejijengea desturi ninayoipendekeza kwa yeyote: mwache dalali kando, umtafute mtu aliyekaa hapo miaka mingi, kisha umuulize mahali pale panaitwaje. Usianze kwa kuuliza kama panajaa maji, maana jirani mwema hapendi kumharibia mwenzake biashara, ilhali jina atalitaja bila wasiwasi wowote.

Mama mmoja muuza maandazi, nje kidogo ya Dar es Salaam, alinijibu kwa neno moja: "Mkondoni." Machoni pangu palikuwa uwanda wenye mbonyeo usiofika goti, lakini mkondo ni njia ya maji, yawepo leo au yasiwepo. Tulipokagua ua wa michongoma wa nyumba ya jirani, tuliona matambara na majani makavu yamenasa usawa wa kiuno, yote yameelekea upande mmoja, na kwenye ukuta wa choo palikuwa na mstari wa tope lililokauka. Tulimshukuru dalali, tukaenda zetu.

Neno bonde peke yake halipaswi kumtisha mtu. Rutuba ya milimani huteremkia huko, na ndiyo sababu Bonde la Kilombero linasifika kwa mpunga. Hata hivyo, kulima bondeni ni jambo moja na kulala bondeni ni jingine. Mto Msimbazi hutoka kwenye vilima vya Pugu, ukapita katikati ya jiji hadi baharini karibu na daraja la Selander, na mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam. Sehemu ya bonde hilo inayofurika mara kwa mara inaitwa Jangwani, jina ambalo mgeni akilisikia hawezi kufikiria maji hata kidogo. Kwa hiyo jina la mtaa lisikuridhishe. Sikiliza neno ambalo wenyeji hulitumia wanapoelekezana njia.

Neno linaloniletea kazi kubwa zaidi ya kueleza ni mbuga, kwa sababu aliyekulia mjini akilisikia huwaza simba na twiga. Kwa wakulima wa Usukumani na sehemu nyingine za bara, mbuga ni ardhi pana ya chini yenye mfinyanzi mweusi, ambao huvimba unaponyeshewa na kupasuka jua linapowaka, hata ukaweza kuingiza kiganja kizima kwenye ufa. Mpunga huupenda udongo huo, lakini msingi wa nyumba hauupendi. Ukiambiwa kiwanja kipo mbugani, zitazame nyumba zilizotangulia, hasa pembe za madirisha: nyufa zinazopanda kama ngazi kwa kufuata viungo vya matofali zinakueleza kwamba ardhi chini yake inacheza. Fundi hodari anaweza kuuchimba udongo huo na kuweka mwingine, ila muulize gharama yake kabla hujalipia kiwanja.

Korongo ni tatizo la namna nyingine, kwa kuwa limechimbwa na maji na mara nyingi bado linachimbwa. Kondoa ni mfano mzuri. Makorongo yalikuwa yameitafuna ardhi kiasi kwamba serikali ilianzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika maeneo yaliyoharibika zaidi ili uoto urudi. Panda hadi kwenye kichwa cha korongo uangalie: mizizi ya nyasi ikining'inia hewani na udongo ukiwa mbichi, ujue linaendelea kula kuelekea juu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, lakini ukingo unaomomonyoka husogea, na nyumba haisogei. Wala usidanganywe na mbingu nyeupe ukiwa ndani ya korongo. Huko Hell's Gate, hifadhi ya Kenya iliyo karibu na Naivasha, mafuriko ya ghafla ya Septemba 2019 yaliwachukua watalii waliokuwa wakitembea chini kabisa, kati ya kuta za mwamba. (Genge nalo ni mteremko mkali wa kuogopwa, ingawa ukilitaja mjini utaelekezwa kwa muuza nyanya.)

Linabaki shimo lililofukiwa, ambalo ni gumu kuliko yote kwa sababu jina lake limefukiwa pamoja nalo. Palipochimbwa mchanga au kokoto, wenye eneo huweza kujaza taka, wakamwaga kifusi juu na kuuza. Hapo swali langu hubadilika, nikawauliza wazee kulikuwa na nini kabla ya nyumba hizi, kisha naomba ruhusa ya kuchimba hadi kina cha kifua. Malapa, chupa na vitambaa vikianza kutoka chini ya kifusi, mazungumzo ya bei yasiendelee.