Maswali ya Wasomaji: Ruzuku ya Kumtunza Mzee Nyumbani, Australia

Barua za toleo hili zimetoka kwa wasomaji wanaoishi Australia na wazazi wao. Zote zinahusu Support at Home, mpango wa serikali ya huko ulioanza tarehe 1 Novemba 2025 na kuchukua nafasi ya Home Care Packages. Viwango tunavyotaja ni vile ulivyoanza navyo. Vinabadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo linganisha na barua uliyopewa.

Shikamooni wahariri. Mama ana miaka 74 na ameshaanguka bafuni mara mbili. Tulipiga simu My Aged Care, ofisi ya serikali ya huduma za wazee, na mtathmini anakuja nyumbani wiki ijayo. Tujiandae vipi? — Msomaji, Toowoomba

Marahaba, na mpe mama pole. Wiki hii moja iliyobaki ina uzito kuliko zote zitakazofuata, maana daraja atakalopewa, yaani kiwango cha fedha za huduma zake, litatokana na yatakayosemwa siku hiyo.

Mtathmini huja na orodha ndefu ya maswali: unaogaje, unavaaje, unapandaje ngazi, dawa unazikumbuka, choo unawahi? Tatizo kubwa kwa wazee wetu ni adabu. Mgeni amekuja nyumbani, mama amevaa kitenge kizuri, amekaa wima, na kila swali analijibu "ninajiweza, namshukuru Mungu". Mtathmini anaandika anachosikia. Kesho yake mama anashindwa kutoka kitandani, lakini karatasi inasema anajiweza, naye anapewa daraja la chini au anaambiwa asubiri zaidi.

Kaa naye kabla ya siku hiyo umweleze kwamba huyu hakuja kumjulia hali. Aeleze siku anayoamka vibaya. Badala ya "magoti yananisumbua", aseme "nikitaka kuinuka kitini lazima mtu anivute mkono, usiku nakojoa kwenye ndoo kwa sababu naogopa kwenda chooni". Weka mezani dawa zake zote, barua za hospitali na karatasi yenye tarehe na mahali alipoanguka kila mara. Andika pia kazi unazomfanyia wewe na saa zinazochukua, kwa sababu ukinyamaza itaonekana hazipo.

Omba mkalimani, hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Mama hawezi kueleza habari za mkojo mbele ya mwanawe, tena mwanawe wa kiume. Mkalimani ni bure: mwambie mtathmini mapema, au piga huduma ya ukalimani ya serikali, TIS National, 131 450, taja lugha (Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda), kisha omba wakuunganishe na My Aged Care, 1800 200 422. Kama mama anataka wewe upokee taarifa zake na kuzungumza na ofisi, omba usajiliwe kuwa msaidizi wake. Usajili huo haukupi mamlaka ya kumwamulia.

Baada ya tathmini zitakuja barua mbili. Ya kwanza inasema amekubaliwa, daraja gani, na yuko kwenye kundi gani la foleni. Hiyo bado si pesa. Ya pili ndiyo inayosema fedha zimetengwa, na ikifika ana siku 56 za kusaini mkataba na mtoa huduma. Mkichelewa, ombeni nyongeza ya siku 28 kabla muda haujaisha. Msishangae ikiwa mwanzoni ametengewa asilimia 60 tu ya daraja lake. Foleni ikiwa ndefu huanza hivyo, kinachobaki hufuata.

Baba amepewa daraja la 3. Tulisoma kwamba ni karibu dola 22,000 kwa mwaka, lakini kampuni inatuambia atapata saa nne hivi kwa wiki. Je, tunaibiwa? — Msomaji, Perth

Huenda hamuibiwi, lakini hesabu lazima muione kwa macho yenu.

Madaraja ni nane, kuanzia takriban dola 10,700 kwa mwaka hadi 78,100. La 3 ni 21,966, na hutolewa kwa robo mwaka: dola 5,491 kila miezi mitatu. Asilimia 10 hukatwa kwanza kwa ajili ya uratibu wa huduma, zinabaki 4,942. Gawa kwa wiki 13, unapata kama dola 380 kwa wiki. Ikiwa kampuni inatoza dola 100 kwa saa, basi ni karibu saa nne. Kwa hiyo kinachoamua ni bei ya saa, na bei hizo hutofautiana sana kati ya kampuni na kampuni. Gharama za ofisi zinapaswa kuwa tayari ndani ya bei hiyo. Mkiona mstari wa "ada ya usimamizi" ukiongezwa pembeni, ulizeni ni wa nini.

Kabla ya kusaini, pateni orodha ya bei kwa maandishi, na muulize maswali haya: Jumapili na sikukuu ni kiasi gani? Muda wa chini kwa ziara moja ni upi? (Kampuni yenye kima cha saa mbili haimfai mzee anayehitaji dakika 40 za kuogeshwa.) Tukiahirisha, taarifa itolewe saa ngapi kabla ili tusitozwe?

Kisha kuna mchango wa baba mwenyewe. Huduma za tiba kama uuguzi na mazoezi ya viungo hachangii chochote, hata awe tajiri. Huduma za kujitegemea, yaani kuogeshwa, kuvishwa na usafiri, mwenye pensheni kamili anachangia asilimia 5. Usafi wa nyumba, bustani na chakula ni asilimia 17.5. Asiye na pensheni wala kadi ya punguzo analipa asilimia 50 kwa huduma za kujitegemea na 80 kwa usafi, bustani na chakula. Kwa bei ya dola 100, kuogeshwa saa mbili kwa wiki kunamtoa baba dola 10. Kufanyiwa usafi saa moja tu kunamtoa 17.50. Kwa maoni yetu, nyumba yenye wajukuu wenye nguvu wanaoweza kushika fagio isizimalizie saa za mzee kwenye usafi. Zitumike pale ambapo mikono yenye ujuzi inahitajika.

Mtego mbaya uko hapa: ambaye hana pensheni na hakupeleka taarifa za kipato na mali Services Australia, ofisi ya serikali inayolipa pensheni, anahesabiwa kuwa na uwezo kamili, anatozwa asilimia 50 na 80. Tumeona hili likiwapata wazee ambao hawana hata akaunti yenye dola mia mbili. Pelekeni taarifa mapema. Mzigo ukizidi, kuna ombi la nafuu kwa wenye shida ya fedha, huko huko Services Australia. Na ikiwa baba alikuwa tayari amekubaliwa kupata Home Care Package kufikia tarehe 12 Septemba 2024, analindwa asichangie zaidi ya ambavyo angechangia chini ya utaratibu wa zamani. Kampuni isipolitaja, litajeni nyinyi.

Msilimbikize. Robo ikiisha, kinachoruhusiwa kuvuka ni dola 1,000 au asilimia 10 ya bajeti ya robo, kiasi kilicho kikubwa. Kwa daraja la 3 ni 1,000. Zinazozidi hapo zinapotea. Robo zinaanza Julai, Oktoba, Januari na Aprili. Tazameni taarifa ya kila mwezi katikati ya robo, muda wa kuongeza ziara ukiwa bado upo.

Nimeacha kazi kiwandani nimtunze mama mkwe. Naweza kulipwa kutoka kwenye fedha zake? — Msomaji, Logan

Kwa kawaida hapana, dada. Fedha hizi hazipiti mikononi mwa familia, na ndugu hulipwa katika hali za pekee tu. Mlango wako ni mwingine: uliza Centrelink, kitengo cha malipo cha Services Australia, kuhusu Carer Payment na Carer Allowance, ambazo ni malipo ya mtunzaji mwenyewe na hazigusi bajeti ya mama. Fedha za mpango pia hazinunui unga, hazilipi kodi ya nyumba wala umeme. Chakula kikipikwa na kuletwa nyumbani, mpango hulipia kazi ya kupika na kuleta. Vyakula vyenyewe ni juu yenu.

Bibi anahitaji vyuma vya kushikilia bafuni na kiti cha kuogea. Je, vitakula bajeti yake ya robo mwaka? Nyumba ni ya kupanga. — Msomaji, Wodonga

Hapana, kuna mfuko tofauti wa vifaa na marekebisho ya nyumba wenye ngazi tatu: hadi dola 500, hadi 2,000 na hadi 15,000. Lakini lazima mtathmini awe ameuidhinisha. Angalia barua ya bibi. Kama haumo, omba mpango wake upitiwe upya. Mwenye pensheni kamili huchangia asilimia 5 hapa pia.

Msinunue kwanza mkitarajia kurudishiwa. Vyuma vipimwe na mtaalamu, kwa kawaida yule wanayemwita OT (occupational therapist, mtaalamu wa kumsaidia mtu afanye shughuli zake za kila siku), akimtazama bibi mwenyewe akiinuka chooni na akiingia kuoga. Chuma kilichofungwa juu mno, au kwenye vigae bila kukamata mbao za ndani ya ukuta, kinang'oka siku ile anapokitegemea kwa uzito wake wote. Vile vya kunyonya ukuta, vinavyouzwa madukani, msimpe mzee ajinyanyulie.

Kwa kuwa mmepanga, ombeni ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi kabla fundi hajaja, mkiambatisha barua ya OT. Kiti cha kuogea hakihitaji ruhusa ya mtu. Kianze hicho wakati mnasubiri.

Wafanyakazi wanabadilishwa kila wiki na mama amechoka kuvua nguo mbele ya wageni. Tukihama kampuni tutatozwa? — Msomaji, Adelaide

Hakuna ada ya kuondoka. Kwanza andikieni kampuni, mkiomba wafanyakazi wawili wa kudumu, wanawake, na mtaje siku ya kujibiwa. Kutokujibu kwao kutawasaidia baadaye. Huduma ya utetezi ya OPAN ni bure, 1800 700 600, na malalamiko rasmi hupelekwa kwa Tume ya Ubora na Usalama wa Huduma za Wazee, 1800 951 822.

Mkiamua kuhama, msivunje mkataba kabla kampuni mpya haijakubali kwa maandishi kwamba ina mfanyakazi wa siku na saa anazohitaji mama. Pigeni My Aged Care wafungue tena namba yake ya rufaa (ile ya kumwelekeza kwa mtoa huduma), kisha mpange tarehe ya mwisho kwa kampuni ya zamani na ya kwanza kwa mpya zifuatane, ili asikae siku kadhaa bila wa kumwogesha.