Mwanangu ameimba Kihispania mwaka mzima, mbona hasemi?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Nina binti wa miaka 8, yuko darasa la tatu katika shule moja ya mchepuo wa Kiingereza hapa Dodoma. Tangu mwaka jana wanafundishwa Kihispania, kipindi kimoja kwa wiki. Anajua kuhesabu hadi ishirini, rangi, siku za wiki na nyimbo mbili. Lakini shemeji yangu aliyewahi kuishi Hispania alipomuuliza kwa Kihispania anaitwa nani, mtoto alibaki kumtazama. Halafu ile rr haitoki kabisa, na mwalimu wake anasema ana ulimi mzito. Sasa kuna bwana ametuhakikishia kwamba kwa miezi mitatu, laki moja na nusu kila mwezi, mtoto ataongea "bila kujua amejifunza lini", maana watoto hunasa lugha wenyewe, na mwishoni atapewa cheti cha Kihispania kiitwacho DELE. Wasiwasi wangu mwingine ni kwamba hata Kiingereza bado hakijamkaa, nisije nikamchanganya. Je, nimlipie? (Mzazi, Ilazo, Dodoma)

JIBU: Mama, tuanze na ulimi ili tuumalize. Ulimi wa binti yako hauna uzito wowote. Watoto wa Hispania na Mexico, ambao Kihispania ni lugha ya mama zao, rr huwa miongoni mwa sauti za mwisho kuwakaa. Wengi huipata wakiwa na miaka mitano au sita, wengine baadaye zaidi, na hao wanaisikia kutwa. R moja, ile ya "pero" (lakini), ni r yetu ya "jirani", hiyo anayo tayari. Ya "perro" (mbwa) mwache aichezee kama anavyoigiza bodaboda ikipanda mlima. Itatoka siku yake. Ninakuwa mkali hapa kwa sababu nimewahi kupigiwa simu na mzazi aliyeshauriwa mwanawe akatwe utepe wa chini ya ulimi ili rr itoke. Mtoto mzima, anakula, anaongea Kiswahili safi, akatwe kwa ajili ya herufi! Nenda Chemba au Kondoa uwasikilize watoto wa Kisandawe wakipiga vidoko katikati ya maneno, sauti ambazo mimi nikijaribu nacheka mwenyewe. Mtoto huzoea sauti anazozisikia. Asizozisikia hatazizoea, hata umkate nini.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Hilo neno la huyo bwana wa kozi, kwamba watoto "hunasa" lugha wenyewe, nalisikia kila wiki, kwa wazazi, kwa wakuu wa shule, na siku hizi hata kwa walimu wenzangu. Mtoto ni sponji, mwache tu, itaingia. Linapendwa kwa sababu linampunguzia kila mtu kazi: mwalimu haandai somo, shule haiongezi vipindi, mzazi anasubiri.

Chukua kalamu tupige hesabu. Kipindi cha dakika 40 mara moja kwa wiki, kwa wiki 38 hivi za masomo, ni dakika 1,520. Hiyo ni saa 25 na ushee kwa mwaka, kabla hujatoa wiki za mitihani, siku za michezo na siku mwalimu alipoitwa kikaoni. Sasa mchukue mtoto anayetoka kijijini Bahi akijua Kigogo tu, akaja kukaa kwa shangazi yake Nkuhungu. Baada ya miezi michache anagombana kwa Kiswahili, na watu wanasema, unaona watoto wanavyonasa! Kweli amenasa. Lakini mtoto huyo anasikia Kiswahili saa kumi kwa siku, kwa wenzake, dukani, kwenye redio ya jirani, na asipokielewa hapati zamu ya mpira. Saa 25 anazimaliza ndani ya siku mbili na nusu. Yaani mwaka mzima wa Kihispania wa binti yako ni kama Ijumaa, Jumamosi na nusu ya Jumapili ya mtoto wa Nkuhungu. Ungemtarajia huyo wa Bahi aongee Jumapili mchana?

Na si mimi peke yangu ninayesema hivi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Barcelona, wakiongozwa na Carmen Muñoz, waliwafuatilia wanafunzi wa huko waliokuwa wakijifunza Kiingereza shuleni, wengine walianza na miaka 8, wengine na miaka 11. Wakawapima baada ya saa 200, kisha 416, kisha 726. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006, walioanza wakubwa ndio waliokuwa mbele kwa sehemu kubwa, ingawa saa zilikuwa zilezile. Mtoto mkubwa amekwisha kujua namna ya kujifunza, na mdogo anahitaji wingi wa kusikia ambao shule haina. Angalia pia kipimo chenyewe: hao hawakupimwa hata mara moja kabla ya saa 200. Kwa kipindi kimoja kwa wiki, binti yako atazifikia saa 200 baada ya miaka minane.

Hiyo haimaanishi aache. Nafundisha watoto wa umri wake na ninafurahia. Ninachotaka kusema ni kwamba mwenye saa chache hana ruhusa ya kuzipoteza, na hizo za binti yako zimepotelea kwenye majina ya vitu.

Nalijua kosa hilo kwa sababu nililifanya. Miaka yangu ya kwanza nilikuwa fundi wa nyimbo. Siku ya mahafali watoto wangu wa darasa la nne waliimba wimbo wa namba, mashati meupe, wazazi wamenyanyua simu wanarekodi. Mgeni mmoja, sista kutoka Mexico, akamwinamia mtoto wa mstari wa mbele akamuuliza taratibu, "¿Cuántos años tienes?" Una miaka mingapi? Mtoto akavuta pumzi akajibu kwa sauti ya kujiamini: "¡Uno, dos, tres, cuatro!" Angefika ishirini kama sista asingemkumbatia. Wazazi wakapiga makofi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze, kwa sababu namba ya miaka yake ilikuwemo kwenye wimbo, na "tengo" (nina) sikuwahi kumfundisha.

Kwa hiyo binti yako aliponyamaza mbele ya shemeji, hakukosa akili wala haya hazikumzidi. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali akasubiri jibu.

Kuhusu kuchanganyikiwa na Kiingereza, hofu yako ina ukweli, ila umeielekeza pasipostahili. Watoto wengi hapa kwetu wana Kigogo, Kirangi au Kinyaturu kwa bibi, Kiswahili mtaani na Kiingereza darasani, na vichwa vyao viko salama. Tatizo ni Kihispania kupitishwa kwenye Kiingereza kama mzigo unaotoka Singida kuja Dodoma kupitia Arusha. Nimeona ubao umeandikwa "grah-see-us" ili watoto wajue kutamka "gracias". Watoto wa Kitanzania! Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, zinasomwa kama zetu. "Llamo" mwandikie "yamo", "queso" mwandikie "keso", ñ ni ny ya "nyanya", j ni kh ya "kheri", h usiitamke. Ile z ambayo watu wa Madrid huitamka kama th ya "thamani", Amerika ya Kilatini huitamka s tu. Hata mkazo, neno likiishia na irabu, n au s, unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama wetu, isipokuwa alama ikielekeza vingine.

Kwenye sentensi ndiyo utashangaa. Mtoto aliyepitishwa kwenye Kiingereza ukimuuliza umri atakwambia "soy ocho", mimi ni nane, maana Waingereza ndivyo wanavyosema. Aliyetoka kwenye Kiswahili anafika moja kwa moja: nina miaka minane, "tengo ocho años". Nina njaa, "tengo hambre". Nina kiu, "tengo sed". Nina usingizi, "tengo sueño". Kichwa kinaniuma, "me duele la cabeza", ni kichwa kinachomuuma mtu kama kwetu. "Hablo, hablas, habla" ni nasema, unasema, anasema: nafsi imo ndani ya kitenzi, huna haja ya kutaja mimi wala wewe kila mara. Na ile ya vitabu vyekundu na nyumba nyekundu, ambayo Mwingereza inamtoa jasho akifika kwenye "libros rojos" na "casa roja", mtoto wetu anafanya upatanisho tangu hajaota meno ya ukubwani. Sisi tuna ngeli tele, wao wana jinsi mbili tu. Hata maneno mengine tumegawana kwa Waarabu: sukari na "azúcar", zeituni na "aceituna", hata na "hasta".

Mwombe mwalimu wake mambo mawili. Kwanza, kama ratiba inaruhusu, hizo dakika 40 azikate ziwe kumikumi kwa siku nne, maana wiki nzima bila kulisikia neno ni muda wa kutosha kulisahau. Pili, kila jina la kitu liingie kwenye swali na jibu. Mimi msimu wa zabibu ukifika naleta sinia. Mtoto mmoja anauza kama wale wa soko la Majengo, mwingine ananunua: "¿Cuánto cuesta?" (Bei gani?) "Quinientos." (Mia tano.) "¡Es muy caro!" (Ni ghali mno!) Wanapunguziana bei, wanagombana, wanakula bidhaa. Siku hiyo hatuimbi. Nyumbani muulize maswali matatu kila jioni, jina, umri, na kama ana njaa, na usimpe chakula mpaka aseme "tengo hambre". Shemeji yako akusaidie kwa simu, dakika tano zake ni bora kuliko kozi nzima ya huyo bwana.

Maana sasa nimefika kwake. Kihispania hakimo kwenye mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, kwa hiyo mzazi hana matokeo ya kutazama, na pasipo matokeo kila mwenye bando anajiita mwalimu. Wengine wamemaliza wiki sita za programu ya simu. Wengine wanafundisha alfabeti ya herufi 29 zenye "che" na "elle". Hao siwalaumu sana, nasi wa zamani tulifunzwa hivyo, lakini tangu 2010 Akademia ya Kihispania inahesabu 27. Wanaonikera ni wa vyeti. DELE hutolewa na Instituto Cervantes kwa niaba ya wizara ya elimu ya Hispania, baada ya mtihani wa kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Ngazi ziko sita, A1 hadi C2, na toleo la wanafunzi wa shule limekusudiwa wa miaka 11 hadi 17. Wako ana 8. Mwalimu wa mtaani anaweza kumwandaa mtoto kwa mtihani, lakini kumpa cheti hicho hawezi, kama vile mwalimu wa tuisheni asivyoweza kukupa cheti cha kidato cha nne. Wazazi nimewaona wakitandika karatasi za aina hiyo kwenye fremu za sebuleni. Wamelipia picha.

Kabla hujatoa hata shilingi, mpigie umuulize: kwa nini "soy profesor" lakini "estoy en Dodoma"? Mwalimu wa kweli atakwambia ni kama sisi tunavyosema mimi NI mwalimu lakini NIKO Dodoma, kisha atakuonya kwamba ulinganisho huo haufiki mbali, maana "estoy cansado" kwetu ni nimechoka. Akianza kukueleza uzuri wa cheti, mshukuru, ukate simu, ukanunue zabibu.