Mwanzo wa filamu ni swali moja: ushauri kwa vikundi vya wanafunzi

Mkipewa kazi ya kutengeneza mwanzo wa filamu, kubalianeni kwanza kwamba hamtengenezi filamu fupi. Filamu fupi ina kisa kinachoanza na kumalizika. Mwanzo wa filamu unaishia pale mtazamaji anapotaka kujua zaidi, basi. Nalisisitiza hili kwa sababu vikundi vingi ninavyovishauri siku hizi huja na wizi, usaliti wa mapenzi, bodaboda zinafukuzana, na msiba juu yake, vyote viingie ndani ya dakika mbili.

Dakika mbili ndicho kipimo kinachotumika sana. Katika mtaala wa Cambridge wa somo la Media Studies (masomo ya vyombo vya habari), ngazi ya AS, mojawapo ya kazi ni mwanzo wa filamu mpya ya kubuni pamoja na majina yake, yaani maandishi ya jina la filamu na ya walioitengeneza, usiozidi dakika mbili. Kikundi hakizidi watu wanne, na picha na sauti zote ziwe za wanafunzi wenyewe, isipokuwa muziki na milio inayopatikana bila kubanwa na hakimiliki. Sisi tuliifanya chuoni Dar es Salaam, tukiwa wanne, kwa masharti yanayokaribiana na hayo. Mengi ninayoyaandika hapa yanatoka kwenye kazi ile.

Mwenzetu mmoja mama yake ni fundi cherehani. Siku tunatafuta wazo, akatusimulia kwamba makoti mazito ya mtumba yanapoletwa kupunguzwa, mafundi hukuta vitu vimezama ndani ya bitana: sarafu, tiketi za basi za nchi za baridi, karatasi zilizopenya kwenye mfuko uliotoboka. Kabla hajamaliza tulishajua tunafanya nini. Fundi wa kike huko Temeke analetewa koti apunguze mikono. Anafumua bitana kwa wembe. Ndani anakuta picha ndogo ya pasipoti, imekunjamana. Anaigeuza. Ni yeye mwenyewe, akiwa mtoto.

Koti limetoka Ulaya ndani ya belo. Yeye hajawahi kupanda ndege. Sasa picha yake imefikaje humo? Tuliliandika swali hilo kwa sentensi moja kwenye karatasi ya manila na kuibandika ukutani, na kila shoti, yaani kipande kinachopigwa bila kuzima kamera, iliyopendekezwa ilipimwa kwa sentensi hiyo. Kulikuwa na kipande kizuri cha mdogo wake fundi anakuja kuomba ada ya shule. Kilitugusa sote, ila hakikuwa na uhusiano wowote na picha ile, kikatoka. Kipande kinachokatwa kikiwa bado kwenye karatasi hakigharimu nauli ya mtu wala chakula cha waigizaji, kwa hiyo kuweni wakali mapema. Na kama kikundi hakiwezi kuliandika swali lake kwa sentensi moja, hakijafika wakati wa kushika kamera.

Kisha hesabuni sekunde. Dakika mbili ni sekunde 120; mkikadiria shoti moja sekunde nne, mna shoti 30 tu, na baadhi yake zitabeba majina. Chora kila shoti, hata kama hujui kuchora. Watu wa vijiti wanatosha, ilimradi mchoro uonyeshe kamera iko upande gani, mtu anatazama wapi, na kitu kiko mkono gani. Hilo la mkono msilidharau. Fundi wetu alishika wembe kwa mkono wa kulia, na kwa kuwa ilikuwa imechorwa hivyo, mikono tuliyoipiga kwa karibu siku ya pili, ambayo haikuwa ya mwigizaji bali ya mama wa mwenzetu mwenye uzoefu wa kufumua, ilioana na uso wa mwigizaji bila mtu kugundua.

Michoro ikikamilika, ipige picha kwa simu, iingize kwenye programu ya kuhariri, kila mchoro uupe urefu wake, na msome maneno ya wahusika kwa sauti zenu. Mtakuwa na mwanzo wa filamu wa michoro mitupu. Utazameni mara kadhaa. Hapo ndipo mtaona kwamba mlichodhani ni dakika mbili ni karibu tatu, au kwamba mteja anafika amechelewa. Nadhani hakuna saa mbili zinazookoa kazi kuliko hizo, na nashangaa ni vikundi vichache mno vinavyozitumia.

Kugawana kazi kusiwachukue muda: mwongozaji, mpiga picha, mtu wa sauti, mhariri. Ila mtu wa sauti awe wa sauti kweli, siyo yule aliyebaki bila kazi. Na kubalianeni tangu mwanzo nani ana neno la mwisho mkibishana lokesheni, yaani mahali pa kushuti, maana mtabishana, na jua halitawasubiri.

Lokesheni itembeleeni saa ileile mtakayoshuti. Kibanda cha fundi kikiwa kimya Jumapili asubuhi ni mahali pengine kabisa Jumatano saa tano, kukiwa na spika ya duka la jirani, bajaji zinapiga honi, na kunguru juu ya bati. Wakazi wa Dar wanawajua kunguru hawa. Masikio yameshawazoea, lakini maiki haiwasamehi. Ulizeni pia adhana iko saa ngapi na msikiti uko umbali gani, ili mpumzike kwa heshima muda huo badala ya kukatwa katikati ya shoti. Mkiwa katika masika, kumbukeni kuwa mvua juu ya bati huzima kila neno.

Kuhusu ruhusa, Tanzania Bara ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, na vibali vya kupiga filamu hushughulikiwa na Bodi ya Filamu. Mwambieni mwalimu wenu awasaidie kujua kazi ya darasani inahitaji nini, na alifanye hilo wiki kadhaa kabla, siyo jana yake. Hata mkiwa na karatasi zote, nendeni na barua ya chuo kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mjitambulishe, mseme mtakuwepo siku gani na mtaondoka saa ngapi. Epukeni kuelekeza kamera kwenye vituo vya polisi, kambi na vivuko. Na mwenye kibanda mlipeni. Fundi anayewaachia cherehani nusu siku amepoteza wateja wa nusu siku. Kumwambia kwamba ni kazi ya shule hakumlipii pango.

Mwanga wetu una tabia zake. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua la mchana huwa juu sana mwaka mzima na huacha mashimo meusi chini ya nyusi. Uso ambao mmeufanyia mazoezi kwa siku nyingi hausomeki. Shuti nje kuanzia saa moja mpaka saa tatu na nusu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni, na muelewe kwamba giza letu linakuja haraka: jua likishazama mna kama dakika ishirini za mwanga wa kutumia. Saa za mchana zitumieni ndani. Sisi tulimkalisha fundi ubavuni mwa mlango, mwanga wa nje ukampata upande mmoja, kisha upande wa pili tukashika kanga nyeupe iliyokunjuliwa kurudisha mwanga kidogo. Hatukukodi taa hata moja.

Kama lazima mtumie taa za ndani, kuna jambo linalowasumbua wanaoshuti kwa simu. Umeme wetu una hezi 50, yaani mkondo wake hurudia mzunguko mara 50 kwa sekunde, na simu nyingi zimewekwa fremu 30 kwa sekunde, yaani picha mgando 30. Chini ya tyubulaiti, au taa za LED za bei rahisi, picha huanza kupepesa au kutembewa na mistari. Wekeni fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata 1/50, yaani kila fremu ipokee mwanga kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde, na tatizo kwa kawaida linaisha. Zimeni pia kujirekebisha kwa fokasi na mwanga. Kwenye simu nyingi ni kubonyeza kioo na kushikilia mpaka vifungwe. Bila hivyo, mteja akipita mlangoni, kibanda kizima kitabadilika rangi.

Kabla ya siku yenyewe, fanyeni zoezi dogo ambalo walimu wa Media Studies wamelitumia miaka mingi: mtu anafungua mlango, anavuka chumba, anakaa mkabala na mwenzake, wanabadilishana maneno mawili matatu. Katika zoezi hilo mtajifunza kuunganisha tendo moja kutoka shoti mbili, mkono ukishika kitasa kwa karibu, mlango ukifunguka kwa mbali. Mtajifunza pia mstari wa nyuzi 180, mstari wa kufikirika unaopita kati ya wanaozungumza, ambao kamera ikiuvuka, watu wawili wanaozungumza wataonekana wote wanatazama upande mmoja. Ni rahisi kuusoma. Ukiwa ndani ya kibanda cha hatua nne kwa tatu, chenye cherehani katikati, ni rahisi vilevile kuusahau, kwa hiyo tuliuchora kwa chaki ya fundi sakafuni.

Tendo kuu lipigeni kwa vipimo kadhaa. Kufumua ile bitana tulikupiga kwa mbali, kwa usawa wa kifua, kisha kwa karibu sana: ncha ya wembe inaingia chini ya uzi, inauinua, uzi unakatika, mshono unafunguka tundu kwa tundu. Kwa kila kipimo tuliacha kamera iendelee sekunde chache kabla na baada ya tendo. Mhariri atawashukuru kwa sekunde hizo.

Nije kwenye sauti, na hapa nakaa, kwa sababu kazi nyingi za wanafunzi zenye picha nzuri huangushwa nayo. Maiki iliyo kwenye kamera inasikia chumba. Inayotakiwa ni maiki inayomsikia mtu. Kama hamna ya kubana kwenye nguo, chukueni simu ya pili, iwekeni karibu na anayeongea, nje ya picha, irekodi yenyewe, na mpige kofi moja mbele ya kamera mwanzoni mwa kila shoti ili mhariri apate pa kuoanisha. Mkimaliza kila mahali, waombeni watu wote wanyamaze, mrekodi dakika nzima ya ukimya wa pale. Ukimya wa kibanda cha bati hauwi mtupu. Una mvumo wake, na bila huo kila kiungo cha sauti kitasikika kama shimo.

Baada ya hapo tulirekodi vitu kimoja kimoja, kwa utulivu, nyumbani: kanyagio la cherehani, gurudumu, mkasi, wembe kwenye uzi, koti zito likitupwa mezani. Uhariri wetu wote ulijengwa juu ya cherehani. Inasikika kabla ya picha yoyote, kwenye giza. Inaendelea chini ya majina. Mteja anaongea juu yake. Fundi anapoigusa ile picha ndani ya bitana, cherehani imeshanyamaza, na mtazamaji anakuwa wa kwanza kuhisi kuna jambo kabla hajaliona. Hatukuhitaji ngoma za kutisha.

Muziki, kwa kifupi: wimbo wa Bongo Fleva mnaoupenda una wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inawalinda. Tafuteni rafiki anayepiga gitaa au kinanda, awape ruhusa ya maandishi.

Majina yasiachwe mpaka usiku wa mwisho, kwa sababu yanakula sekunde na yanahitaji mahali kwenye picha. Mpangilio uliozoeleka unaanza na kampuni, ukafuata na waigizaji wakuu na jina la filamu, kisha mhariri, mpiga picha, mtayarishaji, mwandishi, na mwongozaji anafunga. Wakati wa kushuti, acheni shoti kadhaa zenye nafasi tupu upande mmoja ili maandishi yakae bila kuziba mikono au uso. Kuna mfano unaofundisha sana hapa. Filamu ya mwongozaji wa Marekani Orson Welles ya mwaka 1958, Touch of Evil, inaanza na bomu kuwekwa kwenye buti la gari, na kamera inaendelea kwa zaidi ya dakika tatu bila kukatwa, gari likipita mitaani. Studio iliweka majina na muziki juu ya picha hiyo. Welles aliandika waraka wa kurasa 58 akieleza mabadiliko anayoyataka katika filamu. Ilipohaririwa upya mwaka 1998, majina yaliondolewa pale, na sauti za mitaani zikashika nafasi ya muziki. Tazameni matoleo yote mawili mkiwa kikundi. Mtaona jicho linavyoliacha gari kila maandishi yanapotokea. Kwa sababu hiyo sisi majina yote tuliyamaliza kabla wembe haujagusa koti.

Mkipata toleo la kwanza, lionyesheni kwa watu wasiowajua vizuri, na msiulize kama wameipenda. Watasema ndiyo, watu wetu wana adabu. Ulizeni: "Unadhani nini kitafuata?" Wakikaa kimya, swali lenu halijafika. Wakitoa majibu tofauti yanayohusu kitu kilekile, limefika. Wetu wa kwanza walisema fundi ameona picha ya binti yake, jibu la haki kabisa, maana hakuna kitu kilichowaonyesha kwamba yule mtoto ni yeye. Tukarudi kibandani kupiga shoti moja ya nyongeza: ukutani, juu ya cherehani, picha ileile ndani ya fremu, imefifia kwa jua. Tuliipachika mapema, wakati wa majina, ikiwa nyuma ya bega lake, na tukakata sekunde tano za mteja ili ipate nafasi. Waliofuata hawakuuliza tena mtoto ni nani. Walibishana ni nani aliyeenda Ulaya na picha ya pili.