Mtoto amevutwa mkono, sasa hautumii
Mtoto wa miaka 2, kavutwa mkono, kalia kidogo, kisha kauacha unaning'inia: hapo dhana ya kwanza ni kiwiko kilichoteguka nusu. Hutokea zaidi kati ya mwaka 1 na 4.

Kigasha kina mifupa miwili. Ule wa upande wa dole gumba, kichwa chake hushikiliwa kiwikoni na kano iliyouzunguka kama pete. Kwa mtoto mdogo kano hiyo bado ni laini na haijashika vizuri. Mkono ulionyooka, kiganja kikitazama chini, ukivutwa ghafla, pete huteleza na kunasa ndani ya kiungo. Haihitaji nguvu nyingi: kumnyanyua kwa mkono mmoja, kumzungusha akicheza, hata kuvuta mkono wa shati kunatosha.

Kwa kawaida hakuna uvimbe wala michubuko. Ukiona uvimbe, umbo la kiwiko limeharibika, au kisa kilikuwa kuanguka na si kuvutwa, shuku mfupa kuvunjika. Apigwe eksirei kabla mtu hajaugusa.

Daktari hushika kiwiko, akageuza kigasha kiganja kitazame chini zaidi, mpaka asikie mlio mdogo. Mtoto hulia, na mara nyingi ndani ya nusu saa anashika vitu tena. Usijaribu mwenyewe, na wale wa kuchua wasimguse.

Huweza kujirudia, kwa hiyo mnyanyueni kwa kumshika kwapani.