Nimegeuza friji ya mvinyo kuwa kabati la kutunzia sigaa (cigar) hapa Dar, na kosa langu la kwanza lilikuwa kuweka maji

Nianze na friji yenyewe maana ndiyo iliyoniingiza kwenye haya mambo. Mgahawa mmoja mtaani ulikuwa unafunga wakawa wanauza vitu, nikakuta kifriji cha mvinyo cha chupa 28, mlango wa kioo, laki moja na nusu tu. Nikauliza mbona bei ya kutupa, jamaa akanipa ukweli wake, "kaka hii haipozi, mvinyo unatoka humo vuguvugu." Nikaibeba hivyohivyo mpaka kwa fundi friji, akafungua nyuma, akacheka. "Bosi hii haina kompresa, haina gesi. Hii ni feni mbili na kibati, sina cha kutengeneza hapa."

Hicho kibati kinaitwa Peltier, ukikipitishia umeme upande mmoja unakuwa wa baridi na wa pili unachemka, feni ya ndani inasambaza ubaridi na ya nje inatupa joto. Nguvu yake ndogo, kinashusha kama digrii 10 hadi 12 tu chini ya joto la chumba, kwa hiyo sebule ikiwa 31 ndani unapata 19 au 20. Kwa mtu wa mvinyo mweupe hicho ni kichekesho, ndo maana zinauzwa bei chee huku Pwani. Ila sigaa zinataka digrii 18 mpaka 21, yaani palepale. Ukikuta ya kompresa achana nayo, ile motor ikiwaka inakausha hewa, ikizima unyevu unapanda, siku nzima sigaa zinapanda na kushuka na hazipendi hivyo.

Nazungumzia sigaa zile nene za majani yaliyoviringishwa kwa mkono, shemeji yangu ni baharia na kila akirudi haji mikono mitupu. Mimi mwenyewe navuta mbili kwa mwezi, simshawishi mtu aanze. Ila zikishakuwa arobaini ndani ya nyumba lazima uzitunze, na zinataka unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Zikikauka ganda linapasuka na moto unakimbia kama unavuta gazeti, zikilowa hazivutiki, zinazimikazimika, mwisho ukungu.

Sasa hapa ndo niwaambie jambo langu. Maelekezo yote niliyosoma yaliandikwa na watu wa kwenye baridi, ambako hita inawaka miezi sita na hewa ya ndani imekauka kama karanga, kwa hiyo kila hatua ni kuongeza maji. Ziba tundu la nyuma linalotoa maji. Futa shelfu za mbao kwa maji yasiyo na chumvi wala madini (distilled). Weka kikombe cha maji ndani siku kadhaa mbao zinywe. Mimi mtiifu nikanunua dumu la lita 5 la maji ya betri (mwangalie sana hapo, kuna tindikali pia watu wanaiita maji ya betri, soma lebo), nikafuta shelfu, nikaweka kikombe, nikaziba tundu kwa silikoni, nikajipongeza.

Wiki ya tatu nafungua, harufu ya stoo. Shelfu ya chini imevimba haitoki, sakafuni kuna maji yametuama, na sigaa tisa zina manyoya ya kijani upande wa kuwashia. Tisa! Shemeji sikumwambia mpaka leo.

Sababu ukiifikiria ni rahisi tu. Hewa ya Dar ikiwa digrii 30 na unyevu wa asilimia 75, inaanza kutoa umande ikishuka kwenye digrii 25 hivi, kama chupa ya soda inavyotoka jasho mezani. Friji yako iko 19, kile kibati kiko chini zaidi ya hapo, kwa hiyo kila ukifungua mlango umeingiza maji bila kuyaona, yanaganda kwenye bati kama matone, yanashuka chini. Na nilikuwa nimeziba tundu! Yakabaki humo yanapaa upya na kushuka upya.

Kwa hiyo huku kwetu tundu usizibe. Ila ukiliacha wazi tupu, hewa ya nje inaingia kupitia hapo, mimi nilichomeka mpira wa dripu nikaukunja uwe na kona inayobaki na maji muda wote, kama ile kona ya bomba chini ya sinki, maji yanatoka hewa hairudi. Mwisho wa mpira kuna kichupa. Hiyo kona ndo imeokoa mradi mzima, mengine yote ni kujazia.

Mbao nazo. Watu wa sigaa wanatumia Spanish cedar, yaani mwerezi wa Kihispania, ambayo wala si mwerezi, ni ukoo mmoja na mkangazi wetu. Jina la kitaalamu Cedrela odorata, na mti wenyewe upo Tanzania, uliletwa ukasambaa mpaka msitu wa Kimboza kule Morogoro unasonga miti ya asili. Nilimpata seremala Keko mwenye vipande akanikatia shelfu tatu, zimeungwa kwa pini za mbao, hakuna gundi wala vanishi. Usiweke paini, ina utomvu na harufu yake inahamia kwenye tumbaku, na MDF, zile mbao za unga wa mti, ndo kabisa, gundi tupu. Ukikosa mbao omba maboksi matupu ya sigaa kwa mtu mwenye nayo, mengi ni mbao hiyohiyo. Na shelfu usizilowanishe, kwa hewa yetu zimeshakunywa vya kutosha.

Kuhusu harufu ya friji ya mtumba, siki na maji ya moto, kisha mlango wazi wiki nzima na bakuli la mkaa ndani. Ukiharakisha hapa utavuta plastiki.

Unyevu nimeuachia pakiti za Boveda za asilimia 65, zile kubwa za gramu 60, moja kwa sigaa 25 hivi. Zinatoa unyevu na kunyonya pia, ila zikishavimba kama mto ujue zimeshiba, na kama zinashiba kila mwezi basi mlango wako unapitisha hewa, bana noti kwenye ile raba ya mlango uivute, ikitoka bila kugoma badilisha raba. Weka vipima unyevu viwili, juu na chini, na usiviamini vikitoka dukani. Chukua kizibo cha soda, chumvi ya mezani, matone ya maji iwe kama uji mzito, weka pamoja na kipimo kwenye mfuko wa zipu uliofungwa vizuri, kesho yake kinatakiwa kisome 75. Changu kimoja kilisoma 69, nimeandika "+6" kwa maka peni maisha yanaendelea.

Kitu cha mwisho kinachonitisha mimi ni mdudu wa tumbaku. Mayai yake yanakuja humohumo kwenye majani, joto likizidi digrii 22 au 24 hivi yanaanza kuanguliwa, unakuta vitundu kama vya sindano na unga chini. Na sisi umeme wa LUKU ukiisha umesafiri, friji inakuwa 30 ndani ya masaa machache. Kwa hiyo kila mzigo mpya unapita friza kwanza, siku tatu kwenye -18, halafu siku moja friji ya kawaida, ndo unaingia kabatini. Mifuko miwili ya zipu, moja ndani ya nyingine, hapo usifanye ubahili, maana friza ya kwetu ina changu na dagaa na mke wangu alishanionya nikimtilia tumbaku kwenye samaki nitazila mwenyewe.

Umeme unakula kiasi, uniti moja na nusu hivi kwa siku kwa sababu kibati hakipumziki kama kompresa. Acha nafasi ya kiganja nyuma feni ipumue, na dirisha lenye jua mbali.

Leo asubuhi juu imesoma 65, chini 67. Kile kichupa cha mpira masika hii kinajaa kikombe kidogo cha kahawa kila wiki mbili, mke wangu anayachukua anapulizia maua yake. Na lile dumu la maji ya betri bado liko chini ya sinki, halijapungua hata nusu. Mwenye gari aje alichukue.